Ukitaka kufundisha Mathayo 24 jumuiyani kama unabii uliokwisha kutimia

Mbeya wahubiri wenye spika hatukosi. Redio ikitangaza vita asubuhi, jioni pale Kabwe utasikia kwamba hiyo ndiyo dalili ya mwisho, na watu wanarudi nyumbani na hofu. Mimi ni fundi cherehani Uyole, na jumuiya yetu imenipa kazi ya kuongoza somo la Biblia. Niko upande wa wanaosema sehemu kubwa ya Mathayo 24 ilitimia mwaka 70, Yerusalemu ilipoanguka. Wasomi huuita msimamo huu upreterisiti. Jumuiyani silitumii jina hilo, maana ukilitaja tu watu wanadhani umeleta dhehebu jipya.

Usianzie kwenye vita na matetesi ya vita. Anzia sura ya 23, msome kwa sauti mkipokezana. Yesu yuko hekaluni anawakemea waandishi na Mafarisayo, na mstari wa 36 anasema mambo hayo yote yatakuja juu ya kizazi hiki. Kisha anatoka, wanafunzi wanamwonyesha majengo, anawaambia halitasalia jiwe juu ya jiwe. Wanamuuliza ni lini. Funga Biblia hapo, uulize: aliyeuliza ni nani, na anajibiwa nani? Usijibu wewe. Kwetu alijibu mama mmoja anayeuza viazi: "Si Petro na wenzake, mwalimu?" Akishasema mtu mwingine, kazi yako imepungua nusu.

Sasa kila mtu achukue kalamu apige mstari chini ya "mtasikia", "mtakapoliona", "ombeni". Mfike mstari wa 34: "Kizazi hiki hakitapita, hata hayo yote yatimie." Atatokea mmoja aseme kizazi maana yake ni taifa lote la Wayahudi. Msibishane. Mtume asome Mathayo 11:16, 12:41 na ile 23:36 mliyotoka kuisoma, aeleze mwenyewe Yesu anawasema watu gani.

Kisha weka Luka 21 kando ya Mathayo. Penye chukizo la uharibifu kwa Mathayo, Luka anaandika: "hapo mtakapoona mji wa Yerusalemu umezungukwa na majeshi". Mstari unaofuata unawaambia walio Uyahudi wakimbilie milimani. Hapa mimi huwauliza wenzangu: dunia nzima ikiwa inaisha, kukimbilia mlima Loleza kutakusaidia nini? Hucheka, halafu wananyamaza wakifikiri. Onyo hilo lina maana kwa mtu anayekimbia jeshi. Ndivyo hata ombi la kutokimbia wakati wa baridi wala siku ya sabato. Baridi yetu ni ya Juni na Julai, kavu, na sakitu alfajiri; ya Uyahudi huja na mvua, mabonde yakajaa maji na njia zikawa tope. Na siku ya sabato malango ya Yerusalemu yaliwahi kuamriwa kufungwa, msome Nehemia 13:19. Hayo ni maelekezo ya watu wa mahali fulani, wenye malango na mabonde yao.

Historia usiipitie haraka, ndiyo wengi hawajawahi kuisikia kanisani. Waeleze kama unavyosimulia habari za ukoo. Mwaka 66 Wayahudi waliasi utawala wa Rumi. Cestius Gallus, liwali wa Shamu, akaja na jeshi mpaka Yerusalemu, kisha akarudi nyuma bila kuuteka mji, akashambuliwa njiani akapoteza askari wengi. Kaisari Nero akamtuma jemadari Vespasian. Nero alipokufa mwaka 68, Warumi wakaanza kugombea kiti chao wenyewe, vita ikapoa. Vespasian akawa kaisari, na mwaka 70 mwanawe Tito akauzingira mji wakati wa Pasaka, umejaa mahujaji. Njaa ilikuwa mbaya mno. Yosefo, Myahudi aliyekuwa upande wa Warumi wakati huo, ameandika habari ya mama aliyemla mwanawe. Ukiwa na watoto sebuleni, hiyo iruke. Hekalu likateketea mwezi Agosti. Na Eusebio, mwanahistoria wa kanisa, anasema Wakristo wa Yerusalemu walikuwa wamekwisha kuhamia Pela, ng'ambo ya Yordani.

Sisi wa chini ya Rungwe ardhi ikitikisika kidogo tu tunakumbuka mstari wa 7, wa njaa na matetemeko. Waambie kizazi kile nacho kilikuwa na yake: Laodikia ilibomolewa na tetemeko mwaka 60, na njaa ya siku za Klaudio imo Matendo 11:28.

Jua kutiwa giza, mstari wa 29, ndiko kunakowatisha wengi. Fungua Isaya 13:10, uwaulize sura hiyo inahusu nini. Ni Babeli, mstari wa kwanza unasema. Ezekieli 32:7 ni Farao. Isaya 19:1 Bwana anakwenda Misri juu ya wingu. Manabii walisema hivyo falme zilipoanguka, na wasikilizaji wa Yesu walikuwa wamelelewa na maneno hayo.

Jiandae kwa maswali mawili. La kwanza: mbona Ukuta wa Maombolezo bado umesimama? Ule ni ukuta ulioshikilia uwanja wa hekalu; majengo waliyoonyeshana wanafunzi hayapo, na mawe yaliyoporomoshwa bado yanaonekana chini yake. La pili kijana mmoja aliniuliza akiwa amekunja uso: "Kwa hiyo mama, Yesu harudi?" Nikamjibu, "Anarudi, mwanangu." Wengi wetu tunaona kuanzia mstari wa 36, habari ya siku ile na saa ile, ni jambo lililo mbele. Wapo wanaosema hata ufufuo umekwisha kuwapo. Usiwafuate huko. Paulo aliwataja Himenayo na Fileto kwa kosa hilo hilo, 2 Timotheo 2:17-18, na kila Jumapili tunakiri kwamba atakuja kuwahukumu wazima na wafu.

Ufunuo uuache mpaka Mathayo ieleweke. Una hoja nzuri: mstari wa 3 wa sura ya kwanza unasema wakati u karibu, na jina Nero Kaisari kwa herufi za Kiebrania, ambazo kila moja huhesabiwa kama namba, hufika 666, hesabu ya yule mnyama. Lakini hoja nyingi hizo zinasimama vizuri kama kitabu kiliandikwa kabla ya mwaka 70, na Irenio, aliyeandika karne ya 2, anakiweka mwishoni mwa utawala wa kaisari Domitian, miaka ya 90. Mtu aliyesoma atakubana hapo. Mathayo haitegemei tarehe hiyo.

Jambo la mwisho ni la utaratibu. Mwone mchungaji kabla ya somo, si baada, umwonyeshe mistari utakayotumia. Wa kwetu aliniomba kitu kimoja tu, nisiseme wanaofundisha vingine ni waongo. Ibada ikifungwa, chai ikianza kumiminwa, waache wabishane hapo.