Kikohozi cha mtoto: hesabu pumzi ujue kama ni mafua au nimonia

Ukali wa kikohozi haukuambii kama mtoto ana nimonia. Makamasi ya kijani nayo hayakuambii. Yupo anayekohoa usiku kucha kwa mafua tu, na yupo anayekohoa kidogo huku mapafu yameshashambuliwa. Jibu liko kwenye upumuaji.

Subiri atulie. Mtoto aliyetoka kulia au anayenyonya hupumua haraka hata akiwa mzima, kwa hiyo akiwa amelala ndiyo nafasi nzuri. Mweke palipo na mwanga, pandisha nguo hadi kifua na tumbo vionekane, kisha weka simu ihesabu sekunde 60. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Wengine huhesabu kupanda moja, kushuka mbili, wakapata idadi maradufu na kuhaha bure. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4: watoto wadogo hupumua mbiombio, wakatulia, wakaanza tena, na ukikosea pumzi 2 tu umekosea 8.

Pumzi ni za haraka zikifika 50 kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya 5. Kwa aliye chini ya miezi 2 kiwango ni 60. Hesabu mara ya pili, na zikifika tena 60 mpeleke hospitali mara moja.

Usimfunike bado. Tazama chini ya mbavu, pale kifua kinapokutana na tumbo. Mtoto mzima akivuta hewa, kifua na tumbo hutanuka pamoja. Kifua kinachobonyea hufanya kinyume: akivuta hewa, pale chini panaingia ndani. Lazima ukione kwa kila pumzi, naye ametulia. Nyama za katikati ya mbavu zikizama peke yake, hiyo siyo dalili tunayoitafuta. Kwa mtoto mchanga, pua iliyoziba inaweza kukudanganya, basi isafishe kwanza uangalie upya. Tena kifua chake bado ni laini, kubonyea kidogo ni kawaida. Kubonyea sana siyo.

Kwa aliyefikisha miezi 2, pumzi za haraka au kifua kinachobonyea: zahanati siku hiyohiyo. Homa pia huongeza kasi ya pumzi, na malaria hufanana na nimonia, ndiyo maana mtoto mwenye homa hupimwa vyote. Akiandikiwa amoksilini, dawa ya kuua bakteria, amalize siku zote hata kama kesho yake anacheza. Dawa iliyobaki ya kaka yake isitumike. Kukata kimeo hakutibu kikohozi. Kunaleta kidonda, damu na maambukizi.

Usingoje kuche kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, ulimi umekuwa wa bluu, au anatoa sauti ya kukwaruza akivuta hewa hali ametulia. Kwa aliye chini ya miezi 2, dalili nyingine za kutongoja ni kifua kinachobonyea sana, joto la mwili la nyuzi 37.5 na zaidi, au mwili wa baridi.

Kama hakuna hata moja, mpe maziwa mara kwa mara, na maji pia kama ametimiza miezi 6, na uhesabu tena asubuhi na jioni. Andika idadi na saa. Mhudumu atakuuliza ilianza lini.