Mpangaji Akiomba Matengenezo: Hatua za Kufuata kwa Mwenye Nyumba

"Shikamoo mama, dari inavuja tena." Simu ya namna hiyo ipokee vizuri, kisha mwombe mpangaji aandike. Ujumbe wa WhatsApp unatosha, mradi utaje chumba, kasoro yenyewe na siku ilipoanza, na uambatane na picha mbili: moja ya karibu, moja ya mbali. Ombi lililokamilika husomeka hivi: "Chumba namba 4. Maji yanadondoka darini karibu na dirisha mvua ikinyesha, tangu tarehe 12 Aprili. Siku za jua ni pakavu." Maneno hayo ya mwisho yameshamwambia fundi kwamba tatizo liko kwenye paa, si kwenye bomba.

Jibu siku hiyohiyo, kwa maandishi: umepokea, nani atakuja, lini. Ingiza ombi kwenye daftari moja la nyumba, pamoja na tarehe ya ukaguzi, jina la fundi, gharama na siku kazi ilipokwisha.

Soketi inayotoa cheche, bomba lililopasuka, choo kinachofurika na mlango wa nje usiofungika havilali hadi kesho. Kwenye cheche, mwambie azime swichi kubwa kwanza, na fundi utakayemleta awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti huduma za nishati na maji. Rangi au bawaba inaweza kusubiri wiki mbili, ila taja tarehe.

Nani alipe? Kwa nyumba za Tanzania zinazopangishwa chumba kimoja kimoja, Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inakubebesha wewe paa, kuta za nje, mifereji mikuu ya maji taka na sehemu za pamoja, hata mkataba ukiwa kimya. Uchakavu wa kawaida si deni la mpangaji. Koki inayodondosha kwa sababu mpira wake umelika ni juu yako. Iliyovunjwa na mtoto wake ni juu yake.

Kabla ya kuingia ndani toa taarifa, angalau siku moja kabla, na uende mchana. Kuwa na ufunguo wa akiba si ruhusa ya kuingia.

Pesa nyingi hupotelea kwenye ukaguzi. Fundi huziba pale juu ya waa la dari, mvua inayofuata maji yanadondoka palepale. Sababu ni kwamba maji huingia kwenye msumari wa bati ambao mpira wake umekauka, yanatambaa na mbao ya kenchi, yanadondoka hata mita mbili mbele. Kwa hiyo mtu mmoja amwage maji juu ya bati, akianzia chini na kupanda taratibu, mwingine awe ndani na tochi. Tone la kwanza likionekana, mahali panapovuja pamejulikana. Badilisha msumari na mpira wake. Saruji juu ya bati haidumu: bati hutanuka juani na kusinyaa usiku, saruji ikapasuka. Dari ikauke kabisa ndipo ipakwe rangi, la sivyo waa litarudi.

Bili ya maji ikipanda ghafla, fungeni koki zote, soma mita, subiri saa moja, soma tena. Namba ikisogea, kuna maji yanayopotea. Anzia tangi la choo: tia rangi kidogo ya chakula, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa ndani umechoka.

Mpangaji asaini kwamba kazi imekwisha, lakini kwa paa subirini mvua moja kwanza. Tunza risiti.

Mkishindwa kuelewana, mgogoro huanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko nenda na mkataba, nakala za jumbe zenye tarehe, picha za kabla na baada, risiti za fundi na lile daftari.