Kwenda Kilimanjaro Desemba bila kuiumiza nafsi: hatua kwa hatua

Kila mwaka, Desemba inapoingia, watu ninaowahudumia kama mshauri nasaha hapa Dar es Salaam huanza kulalamikia usingizi. Wengi wao ni Wachagga wanaojiandaa kwenda Rombo, Marangu, Machame au Kibosho kula Krismasi na wazazi, na tunapozungumza kwa utulivu hubainika kwamba kinachowakesha ni mambo ambayo hawajamwambia mtu yeyote, wala si urefu wa safari. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia mjini, kabla hujakata tiketi ya basi.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya Januari kwanza, kisha sema ukweli mapema.

Chukua karatasi uandike kodi ya nyumba, ada, sare za watoto, marejesho ya kikoba na nauli ya kurudi. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha sikukuu, hata kama ni kidogo. Kisha mpigie simu ndugu anayeratibu mambo ya nyumbani, angalau wiki 2 kabla ya safari, umwambie: "Kaka, shikamoo. Mwaka huu mbuzi sitamweza. Nitakuja na mchele kilo 10 na sukari, nami nitafika tarehe 23." Taja usichokiweza na utakachokileta katika maneno hayo hayo, kwa sababu ndugu aliyeambiwa mapema hupata nafasi ya kujipanga upya, ilhali aliyeshtukizwa tarehe 24 huona amedharauliwa. Nimewapokea watu waliokopa kwa simu ili wakodi gari la kuingia nalo kijijini; gari lilirudishwa kwa mwenyewe mwaka mpya ulipoanza, na deni likabaki likiwaamsha saa 9 usiku.

Hatua ya 2: Andaa majibu ya maswali unayoyajua.

Utaulizwa utaoa lini, kazi umepata, mtoto mbona haji. Jibu lifanyie mazoezi kwa sauti ukiwa peke yako, lenye adabu kwa mkubwa na lenye mpaka: "Shangazi, nashukuru kwa kuniwazia. Jambo hilo linaniuma, naomba tuliache kwa leo. Mguu wako unaendeleaje?" Kwa wanandoa wanaosubiri mtoto nasisitiza jambo moja: ndugu wa mume wajibiwe na mume, na ndugu wa mke wajibiwe na mke. Mke aliyeachwa ajieleze mwenyewe jikoni mbele ya mawifi hurudi mjini na jeraha ambalo huchukua miezi mingi kupona.

Hatua ya 3: Ukifika, nenda kaburini siku hiyo hiyo.

Kwetu Wachagga wafu huzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo linalozunguka nyumba, kwa hiyo huwezi kwenda nyumbani bila kukutana nao. Krismasi ya kwanza baada ya mama kufariki nilijishughulisha na kuchinja, kuchoma na kupokea wageni, nikilipita kaburi lake pembeni ya migomba kana kwamba silioni. Tarehe 28, nilipofungua kabati kutafuta chumvi nikakuta kikombe chake cha bati, nililia hadi nikashindwa kusimama. Sasa nawashauri wafiwa wakae kaburini kwa muda, walie wakitaka kulia, kisha waingie ndani kusalimia.

Hatua ya 4: Linda dawa na usingizi.

Kama unatumia dawa za sonona au za usingizi, beba za kutosha pamoja na akiba ya siku kadhaa, maana mabasi ya kurudi hujaa. Usiziache ili upate kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, wala usizichanganye na pombe.

Hatua ya 5: Mambo ya kihamba yasijadiliwe penye pombe.

Omba kikao cha ukoo kifanyike asubuhi, watu wakiwa hawajaanza kunywa. Ndugu akikuletea jani la isale, mmea ambao Wachagga huutumia kuomba msamaha, mila inakutarajia usamehe, na nimeona jani hilo likipatanisha watu waliokuwa hawasalimiani. Hata hivyo, aliyepigwa au kudhalilishwa asilazimishwe kupokea isale ili sikukuu ipite vizuri. Ana haki ya kulala kwingine na kutafuta msaada.

Hatua ya 6: Jua wakati wa kwenda hospitali.

Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukidumu karibu kila siku kwa wiki 2, muone mtaalamu. Mtu akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa za kunyunyizia kahawa, na mfikishe hospitali ya Mawenzi au KCMC mjini Moshi, au hospitali iliyo karibu, usiku huo huo, bila kusubiri sikukuu iishe.