Kuchagua almasi nzuri: anza na mkato, karati ije baadae

Mi ni sonara, kazi yangu ni kupachika mawe kwenye pete na hereni, na karibu kila mteja akikaa tu swali la kwanza ni "hii ina karati ngapi?" Naelewa, ndo namba watu wanayoijua, ila ukianzia hapo unaweza kulipia uzito ambao jicho hata haliuoni. Huu ndo mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Hatua ya 1: Mkato

Almasi haina taa ndani yake. Mwanga unaingia kwa juu, unagonga kuta za chini, unarudi machoni kwako, na kama fundi aliyelikata alikosea pembe basi unatoroka kwa chini au pembeni na jiwe linabaki limepooza hata liwe safi kiasi gani. Likikatwa bapa sana, ukilitazama kwa juu unaona mpaka kidole chako upande wa pili, na likikatwa la kina sana katikati panakuwa na giza, alafu uzito mwingi umejificha tumboni mwa jiwe ambako hakuna anayeuona. Almasi ya duara ya karati 1 iliyokatwa vizuri ina upana wa kama milimita 6.5 hivi, kwahiyo ukiambiwa karati 1 na kipimo kinasoma 6, uliza uzito mwingine umekaa wapi.

Sasa fanya hivi: omba jiwe litoke chini ya zile taa kali za dukani, maana zile zinafanya hata kioo kimeremete. Sogea dirishani, kisha likinge kwa mkono lipate kivuli, lizungushe taratibu. Jiwe zuri linaendelea kurusha mwanga hata kivulini. Kwa duara, cheti cha GIA (maabara inayopima almasi) kinaonyesha daraja la mkato, tafuta Excellent, ukishuka sana Very Good. Umbo la yai, la mraba na mengineyo cheti chao hakiwapi daraja hilo, hapo macho yako ndo yanafanya kazi, chukua muda, usiharakishwe na mtu.

Hatua ya 2: Rangi

Daraja zinaanzia D, isiyo na rangi kabisa, unavyoelekea Z umanjano unazidi. Ligeuze kichwa chini kwenye karatasi nyeupe ulitazame kwa ubavuni, hapo ndo rangi inajitokeza, kwa juu mng'ao unaificha. Kama pete ni dhahabu ya njano usihangaike na D, hata J inapendeza. Dhahabu nyeupe na platinamu ndo hazisamehe, hapo kaa G au H kuelekea D.

Hatua ya 3: Usafi

Dosari hupimwa kwa lenzi ya kukuza mara 10, kuanzia FL isiyo na kitu, kushuka VS (dosari ndogo sana) na SI (dosari ndogo), mpaka I3 yenye dosari za wazi. Wewe hutavaa pete na lenzi mkononi, kwahiyo VS2 inatosha kabisa na mara nyingi hata SI1 jicho halioni kitu. Ninachokwepa mimi ni ufa unaofika ukingoni, maana almasi ni ngumu kweli lakini ikigongwa vibaya inameguka, na ufa kama huo ni mwaliko. Alafu jua dosari ya jiwe lako imekaa wapi, siku ukiacha pete kwa fundi utalitambua likirudi.

Hatua ya 4: Uzito

Karati ya dhahabu ni usafi wa dhahabu, ya almasi ni uzito, karati 1 ni gramu 0.2, usichanganye. Bei huruka ukifika namba kama 0.50 na 1.00. Chukua 0.92 yenye mkato mzuri, kidoleni hakuna atakayejua tofauti.

Hatua ya 5: Cheti

Hapa naomba unisikilize. Dada mmoja aliniletea pete niipanue, nikaiwasha moto kama kawaida, jiwe likatoka na mstari mweupe katikati. Kumbe lilikuwa na ufa uliojazwa kioo na aliyemuuzia hakumwambia. Alilia, na mi sikuwa na cha kumrudishia. Tangu siku hiyo siwashi moto kabla sijalikagua jiwe kwa lenzi, na mteja namuuliza kwanza, limejazwa? limetobolewa kwa leza? Dai cheti cha maabara huru kama GIA au IGI, sio karatasi ya duka lenyewe, alafu kama jiwe lina namba iliyochongwa ukingoni kwa leza, isome kwa lenzi uone inalingana.

Cheti pia kitasema kama imetoka ardhini au imetengenezwa maabara. Ya maabara ni almasi halisi, ila bei yake ni ya chini sana, usiuziwe kwa bei ya ile nyingine. Kile kikalamu cha kupima almasi kwa jinsi inavyopitisha joto hakitofautishi hizo mbili, na hata moissanite, ambayo sio almasi, huweza kukidanganya.

Hatua ya 6: Kucha

Kagua kucha zinazoshika jiwe. Sita zinashika vizuri kuliko nne, kwasababu moja ikikatika bado zipo tano. Pitisha kitambaa laini juu yake, kikinasa kuna kucha imeinuka, irudishe ikazwe kabla hujalipa. Na risiti iandikwe uzito, rangi, usafi na namba ya cheti, sio "pete ya almasi" peke yake.