Programu inakufa na haiachi kori? Fanya hivi bila kulegeza kinga za kerneli (kiini cha Linux)

Juzi nilimsaidia kijana wa hapa Dodoma anayetunza seva ya wakulima wa zabibu. Programu yao ya mizani ilikuwa inakufa usiku, asubuhi hakuna ushahidi. Wengi wakifika hapo hufungua kila kitu ili gdb (zana ya kuchunguza hitilafu za programu) ione. Usifanye hivyo: kori ni nakala ya kumbukumbu ya prosesi (programu ikiwa inaendeshwa), nywila na funguo zimo humohumo. Hapa natumia Linux yenye systemd (msimamizi wa huduma), na amri zote ni za root (mtumiaji mkuu).

1. Sakinisha systemd-coredump, inayopokea na kuhifadhi kori. Apport ya Ubuntu, inayodaka kori pia, iache kwenye kompyuta za mezani. Kwenye seva mimi naing'oa.

2. Angalia kori inapelekwa wapi:

`cat /proc/sys/kernel/core_pattern`

Mstari ukianza na `|`, kerneli inamimina kori kwa programu iliyotajwa, ambayo huendeshwa kama root. Ndivyo tunavyotaka.

3. Hapa ndipo watu hukesha. Umeiua programu kwa majaribio kwa `kill -SEGV`, halafu `coredumpctl list` haina kori. Iwashe tena, kisha (PID ni namba ya prosesi):

`ls -l /proc/PID/`

Programu inaendeshwa na mtumiaji `mizani`, lakini mafaili yote yameandikwa `root root`. Jibu ni hilo. Ilianza kama root ili ishike porti 443, kisha ikajishusha kwa setuid (wito wa kubadili mtumiaji). Kerneli ikiona mtumiaji amebadilika, hali ya prosesi kuruhusu kori inafuata thamani ya mpangilio wa kerneli `fs.suid_dumpable`: 0 hakuna kori, 1 kori inatoka bila ulinzi, 2 inatoka, ila ya kusomwa na root tu.

Mtandaoni utaambiwa weka 1. Kataa, weka 2. Systemd-coredump huiweka 2 yenyewe kupitia `50-coredump.conf`, lakini mafaili ya sysctl (yanayoweka mipangilio ya kerneli) husomwa kwa mpangilio wa majina, kwa hiyo faili lolote la `99-` aliloacha fundi aliyepita likiandika 0, lake ndilo linashinda. Tafuta:

`grep -r suid_dumpable /etc/sysctl.d /usr/lib/sysctl.d`

Unaweza pia kuita `prctl(PR_SET_DUMPABLE, 1)` ndani ya programu baada ya kujishusha. Inafanya kazi, ila inaondoa kizuizi kimoja cha ptrace (njia ya prosesi moja kuichungulia nyingine) kwa prosesi nyingine za mtumiaji yuleyule. Kama huduma zako tano zinatumia mtumiaji mmoja (najua mpo), achana nayo.

4. `kernel.core_pipe_limit` isiwe 0. Ikiwa 0, kerneli haimsubiri mpokeaji wa kori (hapa systemd-coredump) amalize, na `/proc/PID` inaweza kutoweka akiwa bado anaisoma. Namba hiyo peke yake haitoshi: udhaifu wa usalama CVE-2025-4598 ulionyesha mshambuliaji anaweza kuiangusha prosesi ya setuid (hapa, ya programu inayopewa haki za mwenye faili) na kuweka nyingine kwenye PID ileile kabla systemd-coredump haijaikagua. Sasisha kwanza. Kerneli 6.16 imeongeza `%F` ya kuweka kwenye core_pattern, inayompa mpokeaji pidfd (kishikio cha prosesi yenyewe, si namba tu), kwa hiyo hababaishwi na PID iliyotumika upya.

5. Kama msimbo ni wako, funguo ziweke kwenye kurasa za kumbukumbu ulizoziitia `madvise` na `MADV_DONTDUMP`. Hazitaingia kwenye kori.

6. Fungua kori kwa `coredumpctl gdb PID`, kisha `bt` ikuonyeshe mlolongo wa miito hadi programu ilipofia.

Aliyeandika programu akiomba kori, mtumie matokeo ya `bt` tu. Usithubutu kutupia faili zima kwenye grupu la WhatsApp.