Namna ya Kutumia Mitishamba ya Kichina kwa Mwenye Vidonda vya Utumbo Mpana

Mkazi wa Lamu anayehara damu na kusokotwa na tumbo kwa wiki kadhaa hana budi kupimwa kabla hajagusa mitishamba yoyote, kwa sababu amiba na kifua kikuu cha matumbo huleta dalili zinazofanana sana na za vidonda vya utumbo mpana, yaani uvimbe sugu wa utumbo huo. Aanze kwa kupima choo na damu, kisha, daktari akimwelekeza, aende Mombasa akatazamwe utumbo kwa kamera. Bila majibu hayo, hata tabibu hodari wa Kichina atakuwa anapapasa gizani.

Dawa ya Kichina inayozungumzwa sana kwa maradhi haya ni Qing Dai, yaani nili: unga wa buluu iliyokoza, mwepesi hata huelea juu ya maji, unaoshika vidoleni kama rangi ya kanga mpya. Katika utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 86 waligawanywa, wengine wakapewa gramu 0.5, 1 au 2 kwa siku na wengine dawa bandia isiyotibu, ya kulinganishia tu, na baada ya wiki 8 waliokunywa nili walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Hata hivyo, utafiti huo ulikatishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa mgonjwa asiyekuwemo, aliyejinunulia unga huo mwenyewe, alipatwa na shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu. Kwa hiyo nakusihi usiitumie nili bila daktari anayeweza kuukagua moyo wako, na uiache mara moja ukianza kutweta au kuvimba miguu. Mjamzito asiitumie kabisa. Unga huu hukifanya choo kiwe cheusi au cha buluu, jambo ambalo lisikutishe, lakini damu nyekundu inabaki kuwa damu.

Lei Gong Teng, mmea mwingine wa dawa za Kichina, ukatae, kwani huweza kudhuru ini, figo na uzazi. Mzizi mtamu wa Gan Cao, unaotiwa katika michanganyiko mingi, hupunguza potasiamu na kupandisha shinikizo la damu, hasa kwa anayemeza prednisoloni, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe.

Muuzaji akuandikie jina la kila mmea uliomo; pakiti isiyo na orodha irudishwe, hata ikisifiwa vipi. Ukipewa mizizi ya kuchemsha, iloweke nusu saa, kisha uichemshe kwa moto mdogo katika chungu cha udongo, si sufuria ya alumini. Mesalazini, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe wa utumbo, usiiache, wala prednisoloni usiikatize ghafla, na ini na figo zipimwe mara kwa mara.

Ukienda choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku, huku una homa au moyo unakwenda mbio, weka kando chungu na unga, uende hospitali mara moja. Ukiwa Kiwayu, kisiwa cha Lamu, tafuta boti usiku huohuo.