Kuelekeza mhimili wa darubini kwenye paa la chuo, Dar es Salaam

Ili mota ya darubini iifuate nyota, mhimili unaozungushwa na mota hiyo lazima uelekee ncha ya anga, yaani mahali ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Maelekezo mengi yanayokuja na darubini yameandikwa kwa watu wanaoiona Polaris, nyota iliyo karibu na ncha ya kaskazini. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Polaris haichomozi kabisa, na ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 6.8 tu juu ya upeo wa macho, ndani ya ukungu na taa za mji. Sigma Octantis, nyota iliyo jirani na ncha hiyo, ni ya daraja la 5.4 la mng'ao, yaani hafifu sana, kwa hiyo usitarajie kuiona kutoka mjini. Hapa mhimili hupangwa kwa kutazama nyota inavyohama ndani ya lenzi. Mfano uliotumika ni darubini ya inchi 8 yenye urefu wa fokasi wa milimita 2,032, iliyofungwa kwenye kichwa cha mihimili miwili chenye mota.

1. Nguzo. Simamisha bomba nene la chuma juu ya boriti au nguzo ya jengo, si katikati ya zege. Katikati ya zege, hatua za mwanafunzi mmoja zinatosha kuitikisa nyota. Kaa mbali na viyoyozi, jenereta na chumba cha mota ya lifti. Bomba linafaa kuliko stendi ya miguu mitatu, kwa sababu mhimili wetu unakaribia kulala na fimbo ya uzani wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi.

2. Mstari wa kaskazini na kusini. Usiiamini dira juu ya paa, maana nondo zilizo ndani ya zege huivuta. Simamisha fimbo kwa timazi na uchore duara kuizunguka. Weka alama ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi, na tena inapoligusa alasiri. Mstari unaounganisha alama hizo ni mashariki-magharibi, na unaoukata kwa pembe mraba ndio unaoutaka. Kutumia kivuli cha saa sita kamili ni kosa, kwani hapa jua huvuka katikati ya anga kati ya saa 6:07 na 6:37 hivi, kutegemea tarehe. Isitoshe, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba hupita utosini, na kivuli hutoweka.

3. Kabari. Mhimili wa vichwa vingi haushuki hadi nyuzi 7, kimo cha ncha ya kusini hapa. Usilazimishe bolti, utaipinda. Mwambie fundi achomelee kabari ya chuma yenye mteremko wa nyuzi 15: ikiwa na urefu wa sentimita 20, upande mmoja uzidi mwingine kwa sentimita 5.4. Ifunge chini ya kichwa, upande mnene ukiwa kaskazini, kisha weka skeli ya kichwa kwenye 21.8 (ukitoa 15 za kabari, zinabaki 6.8).

4. Mota. Chagua S (kusini mwa ikweta) kwenye kidhibiti. Ukiiacha kwenye N (kaskazini), mota itazunguka kinyume na nyota itakimbia kasi maradufu kuliko mota ikiwa imezimwa. Wengi hudhani gia zimeharibika, wakaanza kufungua kichwa bure.

5. Kulia na kushoto. Subiri saa mbili au tatu baada ya jua kuzama, kwa sababu zege lenye joto huichezesha nyota. Tumia lenzi ya milimita 12.5 yenye msalaba unaowaka (ukuzaji mara 163). Chagua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), nayo ikiwa karibu na utosi. Katikati ya Januari, nyota Mintaka huwa hapo saa 4 usiku na ushei. Ili kujua pande, sukuma mdomo wa darubini kidogo kuelekea kaskazini: nyota itaenda upande wa kusini wa duara unaloliona. Rudisha nyota kwenye msalaba, uiache dakika 5. Mashariki na magharibi usiyajali.

Ikihamia kusini, ncha ya kusini ya mhimili imeenda magharibi mno, isogeze mashariki. Ikihamia kaskazini, isogeze magharibi. Kosa la nyuzi 1 huihamisha nyota takriban sekunde 16 za pembe (nyuzi 1 ina sekunde 3,600) kila dakika, kwa hiyo hata kosa dogo hujionyesha mapema.

6. Juu na chini. Sasa chukua nyota iliyo mashariki, nyuzi 20 hadi 30 juu ya upeo wa macho. Katikati ya Januari, nyota Procyon hufaa saa 2 kasoro robo usiku, ingawa zege bado lina joto; anza nayo jioni hiyo ukipenda, kisha Mintaka. Ikihamia kaskazini, ncha ya kusini ya mhimili iko chini mno, iinue. Ikihamia kusini, ishushe.

Marekebisho ya hatua moja huvuruga nyingine, basi rudia zote mbili mpaka nyota itulie dakika 5 kila upande. Kaza bolti kidogokidogo, kwa zamu, huku nyota ikiwa kwenye msalaba, kwa kuwa kukaza kwenyewe husogeza mhimili. Zikishakaza, chora mstari wa rangi unaovuka kichwa, kabari na nguzo, ili kichwa kikishushwa wakati wa masika kirudi palepale, nawe ubaki na kazi ya kurudia hatua ya 5 na ya 6 tu.